STAA KAVAA, DADA KALIA: PROMO HAINUNUI NTA

Kila mtu mjini ameliona lile gauni. Lile la bluu iliyokolea kama bahari ya usiku, lenye dagaa wa rangi ya fedha wanaozunguka kuanzia kifuani hadi kwenye pindo, alilotinga staa mmoja wa kike usiku wa tuzo. Staa mwenyewe hana haja ya kutajwa. Hata bibi yako kijijini anazijua nyimbo zake mbili. Picha zikapanda, laiki zikamiminika, na chini ya kila picha watu wakauliza swali lile lile: hilo gauni la nani? Staa akajibu kwa vimoyo vitatu na jina la stailisti wake. Stailisti naye akamshukuru Mungu kwa kipaji alichomjalia.

Watu wakadhani habari imeisha. Kumbe huko Mbagala, kwenye nyumba ya chumba na sebule, kuna dada mmoja alikuwa amekaa na simu mkononi usiku ule, akingoja kutajwa. Alingoja mpaka bando likakata.

Dada huyo ndiye aliyelichora lile gauni. Fundi wa kulishona alikuwepo, na alilipwa chake. Lakini kitambaa chenyewe, dagaa wenyewe, ile bluu inayowafanya watu wapanue picha kwa vidole viwili, ni mkono wa dada. Na hapa ndipo Wabongo wengi wanapopotea, kwa sababu wakisikia "kitambaa" wanafikiria duka la vitenge: unaingia, unachagua, unapimiwa, unaondoka.

Hili halikuanza dukani. Lilianza kama pamba nyeupe, ile ambayo wazee huiita marekani, ikafuliwa kwa maji ya moto mpaka wanga wote ukatoka, maana kitambaa chenye wanga hakishiki rangi vizuri. Kikazamishwa kwanza kwenye kijivu chepesi, kikakaushwa kivulini, kikawambwa kwenye fremu ya mbao. Nta ikayeyushwa jikoni pamoja na mabaki ya mishumaa, na dagaa wakachorwa mmoja mmoja kwa brashi iliyochovywa kwenye nta ya moto. Unachora haraka, kwani nta ikipoa inaganda juu juu tu, na rangi inayofuata inapita chini yake inakuharibia kila kitu. Palipo na nta, rangi haiingii. Hiyo ndiyo siri yote ya batiki. Kisha kikazamishwa kwenye bluu, kikakauka, kikapigwa nta tena pale mawimbi yanapotakiwa kubaki, kikazamishwa kwenye bluu nzito zaidi. Mwisho kikachemshwa ili nta yote itoke, na ndipo dagaa wakaonekana.

Rangi za kazi hii hukorogwa na kostiki na haidro. Kostiki inachoma ngozi, haidro inakaba kifua. Siku 11 zilipita hivyo, kabla hata fundi hajashika mkasi. Na kwa kuwa nta hupasuka inavyotaka yenyewe, rangi ikapenya kwenye nyufa na kuacha vimstari vyembamba kama unywele, hakuna vitambaa viwili vinavyofanana. Hata yeye mwenyewe akitaka kulirudia gauni lile, hatapata lile lile.

Sasa kwa nini dagaa? Kwa sababu marehemu mama yake aliuza dagaa Feri. Alimsomesha kwa dagaa. Mama alipofariki, dada alikusanya kanga zake kuukuu, akazikata, akazichanganya na mabaki ya batiki zake mwenyewe, akashona kwilti: vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kuwa picha moja, katikati tabaka la pamba, nyuma kitambaa kingine, na matabaka yote matatu yakashikwa pamoja kwa mshono wa mkono. Ukiitazama haraka utasema ni blanketi la viraka. Ukisimama mbele yake utaona duara kubwa la dagaa wanaozunguka, kama walivyokuwa wakizunguka kwenye ungo wa mama akiwapepeta kutoa mchanga. Kwilti hiyo haiuzwi. Imetundikwa ukutani sebuleni, na watoto wake wamekatazwa kuigusa na mikono yenye mafuta.

Duara la kwenye gauni limetoka humo. Kwa hiyo anayesema "kaibiwa staili tu, atachora nyingine" angenyamaza kidogo akatafakari.

Makubaliano yalikuwaje? Yalikuwa ya WhatsApp, kama mengi ya mjini hapa. Stailisti aliandika kwamba bajeti hakuna, ila gauni linahitajika kwa usiku mmoja, staa ana wafuasi mamilioni, dada atatagiwa kila mahali, atapata promo ambayo pesa haiwezi kununua. Dada akakubali. Gauni likarudi siku 9 baadaye, ndani ya mfuko wa rambo, shingoni lina fondesheni na pindo limechanika kwa kisigino cha kiatu. Samahani ikaja kwa emoji ya mikono miwili.

Halafu ndiyo ikaja Kariakoo. Wiki chache baada ya tuzo, madera yenye wale wale dagaa yakatundikwa madukani, shilingi 18,000 moja, jumla maelewano. Ni yale yale, kwa maana mbaya kabisa: aliyeyatengeneza alichukua picha ya staa mtandaoni, akaikuza, akaipeleka mashine ikachapa. Alikuwa na haraka kiasi kwamba hakufuta hata kivuli. Dera lolote la kundi lile, tazama upande wa kushoto karibu na kiuno: kuna doa jeusi lililopinda. Watu wanadhani ni mwamba baharini. Ni kivuli cha pochi ya staa. Na pale mkono wake ulipoziba gauni kwenye picha, dagaa wamekatika vichwa.

Wauzaji wanaliitaje? Wameliita kwa jina la staa. Kariakoo ndivyo ilivyo, nguo ikivaliwa na mtu maarufu inabatizwa jina lake siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ungo wa mama mmoja wa Feri sasa unatembea mjini kwa jina la mtu ambaye hajawahi kuuliza wale samaki wanamaanisha nini.

Dada akaandika posti moja. Moja tu, ya adabu, bila tusi, akiweka picha za kitambaa kikiwa kwenye fremu, na chini akamwomba staa amtaje. Mashabiki wakamshukia kama mwewe. Anatafuta kiki. Njaa hizo. Mswahili ukimsaidia anataka akupande kichwani. Si ulipewa promo, unalia nini?

Basi tuhuma hizo zijibiwe moja baada ya nyingine, maana kila msanii wa mikono mji huu ameshazisikia.

Kwanza, promo. Promo ni kutajwa. Matangazo ya redio hayapigwi bila jina la bidhaa, na hakuna kampuni inayolipia bango tupu barabarani kisha ikaambiwa watu watajua tu. Gauni lililovaliwa bila jina la aliyelichora limemtangaza aliyelivaa na aliyelichagua. Stailisti alipata kazi mpya baada ya usiku ule, na mwenyewe alijisifu. Dada hakupata oda hata moja, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yupo. Hata angetajwa, bado ni haki yake kuamua kama kutajwa kunatosha. Duka la nta halipokei laiki. Mwenye nyumba Mbagala haingii Insta kuhesabu wafuasi wako ndipo akupunguzie kodi.

Pili, eti nguo haina hakimiliki. Hili linasemwa kwa kujiamini sana na watu ambao hawajawahi kusoma chochote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, haikutungwa kwa ajili ya Bongo Fleva peke yake. Inalinda kazi za kuchora, na inalinda pia sanaa inayotiwa kwenye vitu vya matumizi, iwe imefanywa kwa mkono au kiwandani. Majirani Kenya, kwenye sheria yao ya mwaka 2001, nao wameziweka kazi za mikono ndani ya kazi za sanaa. Haki inaanza pale kazi inapoumbwa. Kwenda COSOTA kusajili kunakuongezea ushahidi siku ya ugomvi.

Ni kweli kwamba wazo halina mwenyewe. Dagaa ni wa bahari na ziwa, kila mtu anaweza kuwachora, hata kwa mzunguko, hata kwa bluu. Aliyekaa chini na brashi yake akachora dagaa wake hana kesi na mtu. Aliyekuza picha ya kitambaa cha mwenzake akaichapa na kivuli cha pochi ndani yake, huyo hakuvutiwa na wazo. Kaiba kazi.

Na hapa staa anatia aibu zaidi, kwa sababu ni yeye huyu aliyewahi kukaa kwenye mahojiano, macho yamelowa, akilalamika kwamba wimbo wake umetumika kwenye tangazo bila ruhusa. Watu walimwonea huruma, na walikuwa na haki ya kumwonea huruma. Alisema vizuri sana siku ile kwamba kazi ya msanii ni jasho lake. Sasa jasho la studio yenye kiyoyozi ni jasho, ila jasho la mtu aliyeinamia sufuria ya nta ya moto Mbagala mwezi wa kwanza ni ushabiki?

Tatu, bei. Kuna waliosema hata angelipwa, gauni lenyewe si la kuzidi 50,000, maana kitambaa ni kitambaa. Hao wafanye hesabu wenyewe: pamba, nta, rangi, kostiki, haidro, gesi au mkaa, maji ya kusuuza ndoo kwa ndoo, na fundi. Vyote hivyo vinatolewa mfukoni kabla ya kulipwa. Kisha gawa kinachobaki kwa siku 11. Watu hawa hawa wanalipa kopo la kinywaji kwenye klabu bei ambayo hawaiulizi mara mbili, ila wakifika kwa mchora batiki ulimi unaanza: dada punguza, dada mimi mteja wako, dada si umechora tu.

Nne, na hii ndiyo hoja ya wasomi: eti kila mtu anakopi, hata kitenge chenyewe ni kopi. Ni kweli, na historia hiyo inamtetea dada. Karne ya 19 viwanda vya Uholanzi viliichukua batiki ya Java, kazi ya nta na mkono kama ya dada, vikaiiga kwa mashine ili vikaiuze huko huko Java kwa bei rahisi. Baadaye soko lake kubwa likapatikana Afrika Magharibi, na leo dunia nzima inakiita kitambaa cha Kiafrika. Wanawake wa Java waliokaa na nta miaka na miaka, majina yao yako wapi? Indonesia ilisubiri mpaka mwaka 2009 ndipo UNESCO ikaiorodhesha batiki yao kuwa urithi wa binadamu. Mtu akisema "kukopi kulikuwepo tangu zamani" anasema tu kwamba wenye mikono wamedhulumiwa tangu zamani.

Kuna mwingine ambaye mashabiki wa staa wangefaidika kumjua. Anaitwa Harriet Powers, alizaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya kuwa huru alishona kwilti yenye visa vya Biblia, vipande juu ya vipande, na mwaka 1886 akaipeleka kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia. Mwalimu mmoja wa sanaa, mama wa Kizungu, akaipenda akataka kuinunua. Harriet akakataa. Miaka michache baadaye maisha yakambana, akarudi mwenyewe kuiuza. Akataka dola 10. Mama yule akasema ana dola 5 tu. Mume wa Harriet akamshauri azichukue, akazichukua.

Leo kwilti hiyo iko Smithsonian, Washington, na nyingine yake iko kwenye jumba la makumbusho la sanaa Boston. Ila kuna jambo moja kwenye kisa hiki ambalo linamhusu staa moja kwa moja. Yule mnunuzi, pamoja na kumlalia bei, alikaa chini akamsikiliza Harriet akieleza kila picha inamaanisha nini, na akaandika. Ndiyo maana jina limefika. Mnunuzi wa mwaka 1891, kwa mwanamke aliyezaliwa mtumwa, alilipa dola 5 na kuandika habari zake. Staa wa leo, mwenye simu inayoweza kuandika jina kwa sekunde tatu, hakulipa kitu na hakuandika kitu.

Na wanaocheka kwamba kwilti ni blanketi, waitafute Tar Beach ya Faith Ringgold, ya mwaka 1988: mtoto wa Harlem juu ya paa la ghorofa, amechorwa kwa rangi na kuzungushiwa vipande vya vitambaa kama blanketi la nyumbani. Iko Guggenheim, New York. Hakuna anayeitandika kitandani.

Haki itendeke pande zote, dada naye ana makosa yake. Alitoa kazi ya siku 11 kwa ahadi ya WhatsApp. Hakuandika hata mstari mmoja unaosema jina langu litawekwa kwenye posti ya kwanza, gauni litarudi ndani ya siku mbili, likiharibika mnalipa kiasi fulani. Hakuweka sahihi yake kwenye kitambaa, jambo ambalo lingemchukua tone moja la nta kwenye pindo. Bahati yake ni kwamba alipiga picha kazi ikiwa kwenye fremu, na zile meseji hakuzifuta. Wachora batiki wengine wajifunze hapo: picha za kila hatua, sahihi kwenye pindo, na karatasi hata ya daftari yenye saini mbili. Atakayekwambia "dada, kati yetu karatasi ya nini" ndiye hasa wa kuandikiana naye.

Lakini kosa la kuamini halilingani na kosa la kudhulumu. Mtu akiacha mlango wazi, mwizi bado ni mwizi.

Wanunuzi nao wasijifiche. Dera la 18,000 halikujiuza lenyewe. Si kila mtu ana pesa ya gauni la kuchorwa kwa mkono, na hakuna dhambi kuvaa dera. Ila kuna tofauti ya kuvaa dera na kuvaa wizi unaoujua. Ukishaambiwa, umeshajua. Na kama unataka kukagua, geuza kitambaa. Cha kuzamishwa kwenye rangi kimekolea mbele na nyuma. Kopi hizi za mashine mgongoni zimepauka. Kisha tafuta mchoro unaojirudia. Kwenye dera lile, dagaa yule yule aliyekatika kichwa anatokea mara nne.

Dada anachodai hakihitaji kikao cha wazee. Anataka posti moja yenye jina lake, ikae juu kama picha za tuzo zilivyokaa. Anataka gharama ya gauni lililoharibika. Na anataka staa huyo, ambaye sauti yake inasikika, aseme kwa mdomo wake kwamba madera yale ni wizi. Staa hakuyachapa, na hakuna anayesema aliyachapa. Lakini jina lililobandikwa juu yake ni la kwake, na ukimya wake ndio unaoyauza.

Mpaka leo stailisti amemblok dada. Staa ameposti mara nyingi tu tangu siku ile: chakula, safari, viatu. Meneja alipoulizwa alisema timu iko bize na wimbo mpya.

Gauni limefuliwa, ila fondesheni haikutoka yote. Dada amelikata. Vipande amevitandaza chini ya ile kwilti ya mama, na ameanza kushona nyingine. Safari hii dagaa wote wana vichwa, na pembeni, pale pindo lilipochanika, amedarizi jina lake kwa uzi mwekundu, herufi kubwa za kuonekana kutoka mlangoni.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Ungekuwa wewe ndiye staa, jina la dada lingekugharimu nini? Dondosha komenti hapo chini, ila kabla hujaandika "kiki", geuza kwanza dera lako.